Waya Mwekundu

Modeste wa Rugenge alipewa jina lisilomkaa. Kwa Kifaransa ni jina la mtu mnyenyekevu, asiyejikweza, lakini yeye alikuwa mtu wa kupanda juu ya kiti katikati ya harusi na kuwapigia wakwe wa watu kelele: "Musogee! Picha inataka bantu!" Wazee walisogea. Mabibi harusi walisogea na shela zao. Hata padri mmoja alisukumwa bega kidogo, akasogea bila neno. Miaka ile ya vita hapakuwa na kamera nyingi za video mjini Uvira, na mwenye kitu ambacho wenzake hawana husikilizwa hata akisema upuuzi.

Kamera yenyewe ilitoka Bujumbura, ikavuka mpaka ndani ya gunia la unga wa muhogo ili askari wa kizuizi cha mpakani wasiione. Ilikuwa ndogo, na ubavuni ilikuwa na kioo cha kufungua na kufunga kama dirisha. Modeste aliipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake, wala hakuficha. Alikijua kila kitufe chake hata akifumba macho: cha kuanzisha kaseti, cha kurudisha nyuma, cha kupeleka picha polepole, cha kuisimamisha, na kile cha kuivuta karibu mpaka uso wa mtu mmoja ujae kioo kizima. Nyuma kulikuwa na kifuniko cha mpira, na chini yake tundu. Hapo ndipo unapochomeka waya wa kupeleka picha kwenye televisheni. Waya huo una vichwa vitatu: cha njano hubeba picha, cheupe na chekundu hubeba sauti, kila kimoja upande wake.

Shika sana jambo hilo, msomaji, maana mambo yote yametokana nalo. Maikrofoni ya Modeste ilikuwa imekatika waya mmoja ndani, na pesa za kununua nyingine hazikupatikana. Sauti yote ikawa inaingia upande mmoja tu, upande wa chekundu. Ukichomeka cheupe peke yake utaona watu wakifungua na kufunga midomo kama samaki, na neno husikii. Na televisheni nyingi za Uvira zilikuwa za zamani, zenye matundu mawili tu, moja la picha na moja la sauti. Fundi anayejua kazi yake hukiacha cheupe kining'inie, akachomeka chekundu mahali pake. Modeste aliijua kazi yake.

Harusi iliyomharibia usingizi ilikuwa ya Havyarimana wa kijiji cha Kiringye na Sabine, binti wa mjini, nayo ilifanyika huko kijijini. Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka wa tatu wa vita, watu wakiwa wameanza kujidanganya kwamba mabaya yamepita. Sévère, baba wa bwana harusi, alichinja ng'ombe wawili na kupika mchele wa mashamba yake mwenyewe, mpaka masufuria yakaazimwa kijiji jirani cha Katogota. Lakini njia iliwatisha wageni. Walingojewa mia mbili, wakafika themanini. Meza moja ndefu, ile ya kushoto karibu na nyumba, ikabaki na sahani zake zimepangwa na hakuna aliyeikalia.

Meza ile tupu ilimuuma Modeste kama jino. Kila akizungusha kamera, ilikuwa hapo hapo, imeharibu picha. Ndipo alipowaona wanaume watano wamesimama kwenye migomba, nje ya uzio, na makoti marefu mwilini, na jua la bonde la Ruzizi linawaka. Mtu mwingine angejiuliza makoti yale ya nini. Modeste aliona viti vitano vikipata wa kuvikalia.

Espoir alikuwa anapita mbele yake na beseni la nyama begani. Kijana huyu alikuwa mtoto pekee wa Domitille, mjane aliyelima shamba lililopakana na la Sévère; alikuwa na miaka ishirini na miwili, na siku ile alijitolea kuhudumia wageni kwa sababu ndivyo majirani wanavyofanya.

"Weye Espoir!" Modeste akapaza sauti, jicho likiwa bado kwenye kamera. "Ambia bale bababa bakuye bakule! Meza iko bure huku, picha yangu inakufa!"

Espoir akacheka. Akawageukia wale watu, uso ukiwa nyuma ya beseni, akaanza kusema nao. Kisha akalishusha, akanyoosha mkono kuelekea nyumbani, akamaliza maneno yake. Muda wote huo Modeste hakunyamaza. Alikuwa anaendelea kupiga kelele zake za kazi. Wale watano wakaingia. Kwetu mtu aliyefika harusini haulizwi jina wala ametoka wapi. Anaulizwa kama amenawa. Wakanawa, wakala, wakaongezewa nyama, wakashukuru.

Jua lilipogusa milima, makoti yakafunguliwa na bunduki zikatoka. Sévère aliuawa kitini pake. Havyarimana aliuawa akimkinga baba yake, na wengine wanne waliuawa wakikimbia. Espoir alionekana kwa mara ya mwisho akipanda njia ya milimani pamoja na wale watu, gunia la mchele likiwa begani, na hakurudi tena. Modeste alichuchumaa ndani ya shamba la mpunga, maji yakimfika kifuani, ameinua kamera juu ya kichwa mpaka mikono ikafa ganzi. Kamera haikulowa.

Miezi miwili baadaye Léopold, mdogo wake marehemu Sévère, alikuja studio ya Modeste, mtaani Rugenge. Alikuwa mwalimu wa zamani, mtu mpole, mwenye kofia aliyoishika mkononi kila anapoingia mahali. Alitaka kumwona kaka yake mara moja tena. Modeste akachomeka nyaya haraka haraka, na kwa haraka hiyo akachomeka cheupe. Picha ikaja bila sauti.

"Papa Modeste, sauti iko wapi?"

Mkono wa Modeste ulikuwa tayari umekishika kichwa chekundu. Hapo akakumbuka kinywa chake kilisema nini siku ile. Mkono ukarudi.

"Maikrofoni ilikufa ile siku," akajibu.

Ulikuwa uongo wenye mguu mmoja wa kweli, na uongo wa namna hiyo ndio unaotembea mbali. Modeste alijiambia kwamba ni neno dogo tu. Mzee anataka kumwona ndugu yake, amwone, alie, aende nyumbani. Nani ameumia?

Lakini kaseti ikafika pale anapotokea Espoir. Léopold akamwambia asimamishe. Arudishe. Apeleke polepole. Beseni linashuka, uso unatokea, mkono unanyooka kuelekea nyumba ya Sévère, na midomo inatembea taratibu. Léopold, aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka thelathini, akaisoma midomo ile kama anavyosoma ubao.

"Iko kule," akasema. "Anasema 'iko kule.' Rudisha tena."

Midomo ikasema tena vile vile. Sasa, Kiswahili chetu cha Uvira hakichagui. Kiti iko kule, mbuzi iko kule, mwalimu naye iko kule. Watu wa pwani hutucheka kwa hilo, na siku nyingine zote nasi hucheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Nani iko kule?" Léopold akauliza, na akajijibu mwenyewe kwa sauti ya chini: "Sévère. Mutoto wa Domitille alibaonyesha kaka yangu."

Modeste alikuwa na jibu katika vidole vyake. Ilitosha kuchomoa cheupe na kuchomeka chekundu, kazi ya kupepesa jicho. Akazima televisheni, akampa mzee pole.

Kufika Jumapili neno lilikuwa limetoka Rugenge, limevuka mto Mulongwe, limefika mtaa wa Kavimvira na kurudi likiwa limenenepa. Espoir alikuwa amelipwa. Espoir alikuwa na mchumba kule milimani. Espoir hakubebeshwa lile gunia, alilibeba kwa hiari yake. Domitille, aliyekuwa amekimbilia mjini na kupata chumba vichochoro viwili kutoka kwa Léopold, aliona wanawake wakisogeza ndoo zao akifika bombani. Alipokwenda kumlilia Sévère nyumbani kwa Léopold, ambako matanga yalikuwa hayajaondolewa, alizuiwa mlangoni, kwa adabu, na wanawake aliokuwa amelima nao miaka mingi. Mwanawe hakuwa na kaburi, na yeye hakuruhusiwa kumlilia popote. Mwanamke anayelia peke yake chumbani kwa mwaka mzima, sijui tumwite nani.

Modeste alimwona mara nyingi njiani. Alianza kupita njia nyingine.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Domitille akaja studio mwenyewe. Alikuwa amekonda, na kitenge chake amekifunga juu kidogo, kama mtu atokaye shambani, ingawa shamba lake lilikuwa halilimwi tena.

"Papa Modeste, nyumba yangu ilichomwa na kila kitu ndani. Minye sina picha ya mutoto hata moja. Banasema iko ndani ya kaseti yako. Unionyeshe tu."

Angependa kukataa. Hakuweza. Akafungua kile kioo cha ubavuni, na kwa kuwa kamera isiyochomekwa waya husema kwa spika yake yenyewe, akabonyeza kitufe cha sauti kwa kidole gumba mpaka ikaisha kabisa, kabla hajaianzisha. Domitille hakuona. Alikuwa anatazama kioo.

Espoir akapita na beseni. Mama yake akashika mdomo.

"Simamisha hapo."

Modeste akasimamisha. Akamwuliza kama anataka amlete karibu, akavuta picha. Uso ukakua ukajaa kioo, ukakua zaidi, ukaanza kuvunjika vipande vidogo vya mraba, mpaka jicho la kijana likawa doa jeusi. Akairudisha picha nyuma kidogo. Domitille akaweka kidole juu ya shavu la mwanawe na kukaa hivyo. Dakika zikapita. Halafu kioo kikawa cheusi, naye akapiga ukelele.

"Umemupeleka wapi?"

"Hapana, mama, hapana. Mashini yenyewe njo inajizima. Haikubali picha isimame mahali pamoja muda murefu, sababu kaseti itaharibika. Iko, bado iko ndani."

Akamrudisha Espoir. Domitille akamtazama akisema yale maneno yasiyo na sauti, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Anacheka," akasema. "Unaona? Mutu mwenye anauza bantu, anacheka vile?" Kisha akamgeukia Modeste. "Anasema nini? Weye ulikuwa pale."

"Minye nilikuwa mbali kidogo, mama. Sikusikia."

Alikuwa hatua nne kutoka kwa Espoir. Nimezihesabu kwenye kaseti.

Domitille akamweleza kilichomleta hasa. Jumamosi Léopold angeondoa matanga ya mwaka mmoja ya kaka yake, na kwa vile maneno yalikuwa yamezidi, alitaka kaseti ionyeshwe mbele ya jamaa wote, watazame wenyewe, jambo limalizike. Ikionekana Espoir alimuuza Sévère, jina lake litatajwa pale kuwa ni jina la msaliti, na mama yake asikanyage tena Kiringye. Ikionekana hapana, atakaa na wafiwa wenzake na mwanawe atahesabiwa pamoja na waliokufa. Domitille mwenyewe alikuwa amekubali.

"Bataona uso wake," alisema. "Uso wake utabaambia."

Modeste alijua uso hauwezi kuwaambia kitu. Léopold alikuwa ameshauona.

Ijumaa alifunga mlango wa studio mchana kweupe, akaitoa kaseti ile kwenye kasha. Mgongoni mwa kaseti za namna hiyo kuna kidude cha plastiki. Kikiwa upande huu, kamera hairekodi juu yake, kikiwa upande ule, unaweza kurekodi chochote na kilichokuwepo kinakufa moja kwa moja. Akakisukuma. Akarudisha kaseti ndani, akaielekeza kamera kwenye ukuta, akaweka kidole juu ya kitufe cha kurekodia. Dakika kumi za ukuta zingetosha. Angesema imeharibika kwa joto, na nani angembishia? Njia ya mwongo ni fupi, lakini fundi wa video ana njia za mkato nyingi.

Hakubonyeza. Ningependa kusema alimwonea huruma Domitille. Labda ndivyo, kidogo. Ukweli mwingine ni kwamba hiyo ilikuwa kaseti nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na mkono wake ulikataa kuiua. Akakirudisha kidude mahali pake, akakaa sakafuni, akajichukia.

Jumamosi ua wa Léopold ulijaa kabla ya saa sita. Wanaume walikaa kwenye viti vya kuazima, wanawake kwenye mikeka, na Sabine, aliyekuwa mke kwa saa nne na mjane kwa mwaka, alikaa katikati yao, kichwa kimenyolewa. Televisheni ilitolewa nje, ikawekwa juu ya meza kivulini, na jenereta ikanguruma nyuma ya choo. Domitille alisimama karibu na lango. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyempa mahali.

Modeste akainua kifuniko cha mpira, akachomeka waya kwenye kamera. Upande wa televisheni palikuwa na matundu mawili. Njano kwa picha. Akakitazama cheupe, akakitazama chekundu, akachomeka cheupe. Chekundu akakikunja nyuma ya televisheni, kisionekane.

Kaseti ikaenda. Sévère akaonekana akicheza, mikono juu, na wanawake wakalia kwa nguvu. Havyarimana akaonekana akimlisha Sabine keki, na Sabine akainamisha kichwa hakukiinua tena. Halafu migomba. Halafu Espoir na beseni.

"Simamisha, Papa Modeste," Léopold akasema. Akasimama mbele ya watu, kofia mkononi. Hakuwa na furaha, lazima niseme hivyo. Mzee yule hakuwa na furaha hata chembe. "Mama Espoir, hatukukukataza bure. Angalia na macho yako. Papa, peleka polepole."

Beseni likashuka polepole. Mkono ukanyooka polepole. Midomo ikatembea.

"Iko kule," wakasema watu, wengi kwa pamoja, kama darasa.

"Rudisha."

"Iko kule."

Manung'uniko yakapanda. Mtu mmoja nyuma akataja jina la Espoir na kutema mate. Léopold akainua mkono watu wanyamaze, akavuta pumzi ya kutamka lile alilokuja kulitamka.

Hapo Domitille akaondoka pale langoni. Akapita katikati ya viti, hakuna aliyemzuia, akapiga magoti mbele ya televisheni, akaweka sikio lake kwenye spika. Akalikandamiza hapo. Akaziba sikio jingine kwa kiganja, kwa ajili ya kelele za jenereta, akafumba macho, na kusikiliza. Kila mtu alijua hakuna sauti. Yeye aliendelea kusikiliza.

Modeste alikuwa karibu naye kiasi cha kuona mshipa wa shingo yake ukidunda. Aliwahi kuona watu wakiuawa, akastahimili. Hilo sikio hakuliweza.

"Mama, sogea kidogo," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya juu ya viti.

Akachomoa cheupe. Akakitafuta chekundu nyuma ya televisheni, akakosa tundu mara mbili, kisha kikaingia. Spika ikakohoa. Akarudisha kaseti nyuma kidogo zaidi ya pale, akaianzisha kwa mwendo wake wa kawaida.

Kwanza ikaja ngoma, na vicheko vya wafu. Watu wakashtuka, wengine wakasimama. Halafu ikaja sauti kubwa, ya karibu, sauti ambayo hakuna mtu wa Rugenge asiyeijua:

"Weye Espoir! Ambia bale bababa bakuye bakule! Meza iko bure huku, picha yangu inakufa!"

Kicheko cha kijana. Na chini ya ile sauti kubwa, kama yanatoka mbali, maneno yake nyuma ya beseni: "Babaangu, karibuni. Nyama..." Beseni likashuka. "...iko kule." Uso ukageukia migomba, midomo ikafichika. "Munawe, mukule." Na juu ya maneno hayo yote, Modeste wa kwenye kaseti alikuwa bado anapayuka: "Ndiyo! Njo vile! Bakae pale pale, bajaze meza!"

Wale watano wakaonekana wakiingia. Modeste akasimamisha picha.

Watu hawakuitazama televisheni tena. Walikuwa wanamtazama yeye.

"Njo weye," Sabine akasema kutoka mkekani. Hakupaza sauti. "Mwaka muzima unapita hapa mbele ya mulango, unatusalimia."

Modeste alitaka kusema hakujua wale watu ni nani, kwamba Espoir pia hakujua, kwamba hata Sévère mwenyewe aliwaongezea nyama kwa mkono wake. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini ukweli wa kutowajua ulikuwa wa siku moja, na kunyamaza kulikuwa kwa siku mia tatu na zaidi. Akabaki ameinamia kamera yake.

Léopold alikwenda kwa Domitille. Mzee wa miaka sitini na nane alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya mwanamke aliyemwita mama wa msaliti, akamwomba msamaha kwa Kirundi, lugha aliyosema na kaka yake, kisha akaurudia kwa Kifuliiru, lugha ya Domitille, ili usipotee njiani. Akamshika mkono akampeleka mkekani. Wanawake wakampisha. Sabine akamvuta karibu, na mmoja wao akaanza kuwataja marehemu kwa majina, Sévère, Havyarimana, mpaka wa sita, na mwishoni akaongeza: "Na Espoir wetu." Kilio kikapanda.

Domitille hakulia. Kwa mwaka mzima alikuwa amepigania mahali pale mkekani, na sasa alipokalishwa ndipo alipoelewa mahali pale ni pa nani. Walikuwa wamemrudishia mwanawe jina safi, na katika kumrudishia walikuwa wamemzika. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akainuka, akarudi mbele ya televisheni, akakaa chini.

"Papa Modeste," akasema. "Rudisha."

Hakumtukana. Laiti angemtukana. Modeste akarudisha, akaanzisha. Sauti yake mwenyewe ikajaa ua mzima, na ndani yake, mbali, ya kijana.

"Tena."

Akarudia. Mara ya tano Domitille alikuwa ameinamia mbele, uso umekunjamana kwa juhudi, kama anayeokota punje ya mchele kwenye changarawe.

"Ile sauti ya kwako uitoe," akasema. "Minye nataka ya mutoto tu. Yako inamufunika."

"Haiwezekane, mama. Ziko kwa waya moja. Yangu ilirekodiwa juu ya yake."

Domitille akafikiri juu ya jambo hilo. Aliweka kiganja kwenye kioo, pale alipokuwa amesimama Espoir na mkono wake ulionyooka.

"Basi ongeza," akasema.

Modeste akashika kitufe cha sauti akaongeza, na zote mbili zikapanda pamoja.